Kutoka Sado hadi Kilo: Namna ya Kubadili Vipimo vya Ujazo kuwa Uzito Sokoni na Jikoni

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Katika masoko ya Mwanjelwa jijini Mbeya na Soko Kuu la Manispaa ya Iringa, mnunuzi wa maharage hukutana na bei mbili za bidhaa ileile. Mfanyabiashara mmoja humpimia kwa mzani na kumtajia bei ya kilo. Jirani yake humpimia kwa sado na kumtajia bei ya chombo. Mnunuzi asiyejua sado moja hubeba kilo ngapi hawezi kusema ni nani kati yao anayeuza kwa bei nafuu, na mara nyingi huamua kwa macho tu.

Uamuzi huo wa macho una gharama. Mkulima wa viazi wa Umalila au Isyonje hupoteza sehemu ya jasho lake kwa kuuza gunia ambalo uzito wake haujulikani. Mama lishe hukosa faida kwa sababu ya kununua kwa kipimo kimoja na kukadiria mapishi kwa kipimo kingine. Mpishi wa shule naye anaweza kuwapunguzia wanafunzi chakula bila kukusudia, kwa kudhani kuwa sado ya unga ina uzito sawa na sado ya mahindi. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya ujazo na uzito, viwango vya kukadiria vinavyofaa kwa vyakula vya Nyanda za Juu Kusini, na namna mwananchi anavyoweza kujitengenezea jedwali lake mwenyewe.

Ujazo na uzito ni vitu viwili

Ujazo ni nafasi ambayo kitu hukaa, nao hupimwa kwa lita na mililita. Uzito, kwa maana inayotumika katika biashara na mapishi, ni kiasi cha kitu chenyewe, nao hupimwa kwa kilo na gramu. Kinachounganisha vipimo hivi viwili ni densiti, yaani uzito wa kitu katika kila lita moja ya ujazo wake.

Maji ndiyo kipimo rahisi cha kuanzia, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa takribani kilo moja. Uhusiano huo haukutokea kwa bahati. Mfumo wa metriki ulipoanzishwa nchini Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, kilo iliwekwa kwa kuzingatia uzito wa lita moja ya maji. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo imekuwa ikifafanuliwa kimataifa kwa kanuni za fizikia zisizobadilika, lakini kwa matumizi ya nyumbani lita ya maji bado ni rejeo la kuaminika.

Vyakula vingine havifuati maji. Mafuta ya kupikia ni mepesi kidogo kuliko maji, na asali ni nzito zaidi. Nafaka na unga vina jambo la ziada, nalo ni hewa inayokaa katikati ya punje au chembe. Ndiyo maana chombo kilekile hubeba uzito tofauti kulingana na kilichomo, na hata kwa unga uleule uzito hubadilika endapo umemiminwa polepole, umetikiswa au umeshindiliwa.

Kibaba cha tele na kibaba cha mfuto

Suala hili si geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Kabla ya kilo kuenea, nafaka katika pwani ya Afrika Mashariki zilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hivyo vilikuwa vipimo vya ujazo. Sambamba navyo kulikuwa na vipimo vya uzito, vikiwemo wakia, ratili na frasila. Frasila moja ilikuwa sawa na takribani kilo 16 za leo.

Wahenga walifahamu vyema udhaifu wa kipimo cha ujazo, na lugha yenyewe inashuhudia. Kibaba kilichojazwa hadi kikafanya kilima juu kiliitwa kibaba cha tele, na kilichosawazishwa kwa mkono au kijiti kiliitwa kibaba cha mfuto. Chombo kilikuwa kimoja, lakini bei haikupaswa kuwa moja. Aliyekubaliana na mwenzake juu ya kibaba bila kutaja tele au mfuto alikuwa ameacha mlango wa ugomvi wazi.

Ubadilishaji wa ujazo kuwa uzito unaonekana pia katika ibada. Zakaatul Fitri, inayotolewa na waumini wa Kiislamu mwishoni mwa mwezi wa Ramadhani, asili yake ni kipimo cha ujazo wa chakula. Leo hutajwa kwa uzito wa takribani kilo mbili na nusu ili kila mtoaji aelewe kiasi kinachotakiwa.

Sado, debe na gunia

Vipimo vinavyotawala masoko ya Mbeya na Iringa kwa sasa ni sado, debe na gunia. Sado ni kopo la rangi lenye ujazo wa takribani lita nne. Debe lilitokana na bati la mafuta ya taa la galoni nne, sawa na takribani lita 18. Hata hivyo, katika maeneo mengi nafasi ya debe imechukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, na jina la debe limebaki. Tofauti hiyo ya lita mbili ni ya kuzingatiwa. Kwa mahindi makavu, ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa hubeba takribani kilo 15, wakati debe la bati la lita 18 hubeba kilo 13 na nusu hivi.

Kwa kukadiria, sado moja ya lita nne iliyosawazishwa hubeba uzito ufuatao:

Mchele: takribani kilo 3.2
Maharage makavu: takribani kilo 3.1
Mahindi makavu ya punje: takribani kilo 3.0
Karanga zilizomenywa: takribani kilo 2.5
Unga wa mahindi usioshindiliwa: takribani kilo 2.4

Tarakimu hizi ni za kukadiria. Aina ya mbegu, ukubwa wa punje na kiwango cha ukavu vinaweza kuongeza au kupunguza gramu kadhaa. Vilevile, sado iliyobonyea ubavuni au iliyoinuliwa kitako hubeba pungufu, hata kama kwa mbali inafanana na nyingine.

Usemi unaotumika sana kwamba gunia moja la mahindi ni debe sita unahitaji kutazamwa kwa makini. Debe sita za lita 20 zilizosawazishwa hutoa takribani kilo 90. Ili kufikia kilo 100, kila debe lazima lijazwe kilima na kubeba kati ya kilo 16 na 17. Kwa maneno mengine, kilo kumi za mwisho za gunia hukaa katika kilima kilicho juu ya ndoo. Mnunuzi akijaza kwa tele wakati wa kununua kijijini na kusawazisha kwa mfuto wakati wa kuuza mjini, amejipatia kilo kumi katika kila gunia bila kuongeza bei wala kubadili chombo.

Mfano wa kulinganisha bei

Tuchukue mfano wa bei za kufikirika. Mfanyabiashara wa kwanza anauza maharage kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Wa pili anauza sado kwa shilingi 9,600. Ili kulinganisha, gawanya bei ya sado kwa kilo zilizomo.

Ikiwa sado imesawazishwa na ina kilo 3.1, basi 9,600 gawanya kwa 3.1 ni takribani shilingi 3,097 kwa kilo. Hapo mzani ni nafuu zaidi. Ikiwa sado imejazwa kilima na kufikia kilo 3.4, basi kila kilo inagharimu takribani shilingi 2,824, na sado ndiyo nafuu. Bei iliyotajwa ni ileile. Kilichobadilisha jibu ni mkono wa mpimaji.

Kutokana na mfano huu, mnunuzi anashauriwa kuuliza mambo mawili kabla ya kutoa fedha: chombo kina ujazo gani, na kitasawazishwa au kitajazwa kilima.

Lumbesa na hasara ya mkulima

Mahali ambapo ujazo umeleta madhara makubwa zaidi ni katika ufungashaji wa lumbesa. Lumbesa ni gunia linalojazwa kupita mdomo wake, kisha likaongezewa kilemba cha wavu au kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi mviringo ni miongoni mwa mazao yaliyoathirika zaidi na ufungashaji huu. Gunia hilo huitwa gunia moja na kulipiwa bei ya gunia moja.

Kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mazao ya shambani yanapaswa kufungashwa kwa uzito usiozidi kilo 100 kwa gunia. Usimamizi wa sheria hiyo uko chini ya Wakala wa Vipimo, taasisi ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 2002.

Hesabu ya hasara ni nyepesi kufanya. Tuseme mkulima ameuza magunia 50 ya viazi, na kila gunia lililotajwa kuwa la kilo 100 limebeba kilo 130. Amempa mnunuzi kilo 30 za ziada katika kila gunia, sawa na kilo 1,500 kwa jumla. Hayo ni magunia 15 yaliyoondoka shambani bila malipo. Mbegu, mbolea, dawa ya ukungu na vibarua wa magunia hayo 15 vimelipiwa na mkulima peke yake.

Hasara haiishii hapo. Halmashauri inayotoza ushuru kwa kuhesabu magunia hukosa sehemu ya mapato yake. Mchukuzi anayelipwa kwa gunia hubeba mzigo mzito zaidi kwa ujira uleule, na afya ya mgongo wake huwa hatarini. Mlaji wa mjini naye hanufaiki, kwa kuwa viazi hivyo humfikia vikiwa vimegawanywa kwa sado, ndoo na mafungu, na faida ya kilo zilizozidi imebaki njiani.

Nyanya za Ilula, wilayani Kilolo, zina changamoto inayofanana. Nyanya huuzwa kwa tenga, na matenga hayafanani. Kwa kuwa nyanya hupondeka, mkulima hawezi kuzimimina katika chombo kingine ili kuhakiki. Njia salama ni kupima tenga tupu kwanza, kisha kulipima likiwa limejaa, na kutoa uzito wa tenga katika jumla.

Jikoni: kikombe na kijiko

Nyumbani hali ni ileile kwa kiwango kidogo. Maelekezo mengi ya mapishi hutaja vikombe na vijiko, wakati bidhaa dukani huuzwa kwa kilo. Kikombe cha kupimia katika mfumo wa metriki kina mililita 250. Kijiko cha chakula kina mililita 15, na kijiko cha chai kina mililita 5. Kikombe cha kunywea chai nyumbani si lazima kiwe na ujazo huo, hivyo ni vyema kukihakiki kwa maji kabla ya kukitegemea.

Kikombe kimoja cha mililita 250, kilichosawazishwa, hubeba takribani:

Maji: gramu 250
Maziwa: gramu 255 hadi 260
Mafuta ya kupikia: gramu 230
Asali: gramu 350
Chumvi laini: gramu 300
Sukari: gramu 210
Mchele: gramu 200
Maharage makavu: gramu 195
Karanga zilizomenywa: gramu 155
Unga wa mahindi: gramu 150 hadi 160
Unga wa ngano uliomiminwa bila kushindiliwa: gramu 130 hadi 140

Kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa, chumvi laini ina takribani gramu 6, sukari gramu 4, mafuta gramu 4.5 na hamira kavu gramu 3. Kijiko cha chakula ni mara tatu ya kiasi hicho.

Unga wa ngano ndio unaohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote. Mpishi wa maandazi anayepima vikombe vinne kwa kumimina unga polepole hupata takribani gramu 520. Akichota kwa kuzamisha kikombe ndani ya mfuko na kuushindilia, kila kikombe kinaweza kufika gramu 160, na jumla ikawa gramu 640. Tofauti ya gramu 120 inakaribia kikombe kizima. Kwa maji na hamira vilevile, kinyunga cha kwanza kitakuwa laini na cha pili kitakuwa kigumu. Mpishi atailaumu hamira, kumbe tatizo lilianzia kwenye kikombe. Kwa anayeoka mikate au kukaanga maandazi ya biashara, kupima unga kwa gramu huhakikisha kwamba bidhaa ya leo inafanana na ya jana, na kwamba hesabu ya gharama kwa kila andazi ni ya kweli.

Jedwali lako mwenyewe kwa hatua sita

Hakuna jedwali la kuchapishwa linaloweza kukidhi kila chombo na kila zao. Njia bora ni kila kaya, mgahawa au shule kutengeneza jedwali lake kwa vyombo inavyovitumia. Hatua ni hizi:

1. Pima uzito wa chombo kikiwa tupu na kikavu, kisha uandike.
2. Jaza chombo kwa maji hadi ukingoni na upime tena. Kila kilo moja ya maji ni lita moja, hivyo utakuwa umejua ujazo halisi wa chombo chako.
3. Kausha chombo, kisha mimina nafaka au unga bila kutikisa wala kushindilia.
4. Sawazisha juu kwa kijiti kilichonyooka au upande wa kisu, ili kipimo kiwe cha mfuto.
5. Pima, kisha toa uzito wa chombo.
6. Rudia mara tatu, jumlisha matokeo na ugawanye kwa tatu.

Kwa mfano, sado tupu ina kilo 0.20. Ikijazwa maharage mara tatu, mzani unaonesha kilo 3.31, kilo 3.28 na kilo 3.34. Wastani ni kilo 3.31. Ukitoa kilo 0.20 za chombo, maharage yana kilo 3.11. Andika tarakimu hiyo kwa kalamu isiyofutika kwenye karatasi na uibandike mahali pa kuhifadhia chakula.

Kaya isiyo na mzani inaweza kutengeneza mizani ya muda kwa kutumia kijiti kilichonyooka kilichofungwa kamba katikati, na mifuko miwili myepesi inayolingana katika ncha zake. Upande mmoja huwekwa pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa kiwandani, na upande wa pili huongezwa nafaka hadi kijiti kilale sawa. Mizani ya namna hiyo inatosha kwa makadirio ya nyumbani. Haifai wala hairuhusiwi kwa biashara.

Unyevu na mwinuko

Uzito nao una mtego wake. Mahindi mabichi yaliyotoka kuvunwa huwa na maji mengi, na mnunuzi anayelipia kilo hulipia maji hayo pia. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 tu za punje kavu. Yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5, ambao unafaa kwa hifadhi, hubaki takribani kilo 92.5. Kilo saba na nusu zimeondoka kama mvuke, na hakuna aliyeziiba. Kaya inayonunua akiba ya chakula cha mwaka mara baada ya mavuno inapaswa kuingiza upungufu huo katika hesabu yake, na ikumbuke kuwa mahindi yasiyokauka vizuri hualika ukungu na sumukuvu.

Mwinuko nao una nafasi yake jikoni. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500. Katika miinuko hiyo maji huchemka kati ya nyuzijoto 94 na 95 badala ya 100. Uzito wa maharage haubadiliki kwa sababu ya mwinuko, lakini muda wa kuyaivisha huongezeka na maji mengi zaidi hupotea kama mvuke. Maelekezo ya makande yaliyoandikwa Dar es Salaam yatahitaji maji na kuni zaidi yakipikwa Iringa. Kuloweka maharage usiku mzima hupunguza gharama hiyo.

Kipimo na lishe ya mtoto

Mkoa wa Iringa una historia ndefu ya kutumia mzani kulinda afya. Kuanzia mwaka 1983, Serikali kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa ufadhili wa Italia, iliendesha mkoani humo programu ya lishe ambapo watoto walipimwa uzito vijijini kila baada ya miezi mitatu, na matokeo kujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Mkoa wa Iringa wa wakati huo ulijumuisha pia eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe.

Licha ya historia hiyo na ya kuwa eneo hili ni miongoni mwa maghala ya chakula nchini, udumavu bado ni changamoto. Matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 yalionesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 30 kitaifa. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo mlo usio na mchanganyiko wa kutosha, maradhi ya mara kwa mara na uchache wa muda wa kumlisha mtoto. Mzani peke yake hauwezi kuuondoa. Hata hivyo, mpango wowote wa lishe huanza kwa kujua mtoto amepata kiasi gani.

Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 200, ambapo kila mmoja amepangiwa gramu 150 za unga wa mahindi. Mahitaji ya siku ni kilo 30. Mpishi anayejua kuwa sado ya mahindi ya punje ni kilo 3 anaweza kudhani kuwa sado ya unga nayo ni kilo 3, akachota sado kumi. Kwa kuwa sado ya unga ina takribani kilo 2.4, atakuwa amepika kilo 24 tu. Kila mwanafunzi atapata gramu 120 badala ya 150, na daftari la stoo litaonesha kilo sita zisizo na maelezo kila siku. Mzazi atadhani unga umeibwa, mpishi atajitetea asieleweke, na kosa lote ni la kutumia namba ya punje kwa unga. Sado kumi na mbili na nusu ndizo zilizohitajika.

Chumvi ni eneo jingine la kuzingatia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa.

Kipimo cha kijiko kinaweza pia kugusa uhai. Mtoto anapoharisha, hatua ya kwanza ni kumpa maji yenye chumvichumvi ya pakiti, maarufu kama ORS, yaliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na kumwahisha kituo cha kutolea huduma za afya. Pakiti inapokosekana kwa dharura, mchanganyiko wa nyumbani ni lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote hivyo ni vya mfuto. Kijiko kilichojazwa kilima kinaweza kukaribia mara mbili ya kiasi kinachotakiwa, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Wajibu wa mfanyabiashara na haki ya mnunuzi

Mizani yote inayotumika katika biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekewa alama ya uhakiki. Mzani wa jikoni wa matumizi ya nyumbani si mzani wa biashara, hata kama tarakimu zake zinasomeka vizuri. Mnunuzi ana haki ya kuangalia alama hiyo, kuona kuwa mzani unasoma sifuri kabla ya bidhaa kuwekwa, na kusimama mahali ambapo anaona kipimo waziwazi. Anayetilia shaka kipimo anaweza kutoa taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wake.

Wakulima wanashauriwa kununua mzani kwa pamoja kupitia vyama vya ushirika au vikundi vyao, kupima mazao kabla mnunuzi hajafika shambani, na kuuza kwa kilo. Mkulima anayejua uzito wa mzigo wake hujadiliana bei akiwa na hoja mkononi.

Sado na debe havitaondoka masokoni kesho, na si lazima viondoke nyumbani. Ni vyombo vya bei nafuu, vinapatikana kila mahali na vinarahisisha kazi. Kinachohitajika ni kila anayevitumia kujua vinabeba kilo ngapi za nini, na kukubaliana na mwenzake kama kipimo ni cha tele au cha mfuto. Haba na haba hujaza kibaba, na gramu chache zinazopotea katika kila kipimo nazo hujaza gunia la mtu mwingine.